Aliyefungua Kamba

Ujumbe wa kifo cha Loisi ulinikuta nikisahihisha tanbihi za kitabu ambacho huenda kikawa cha mwisho kwangu, kitabu kinachohusu misafara ya wapagazi iliyokatiza nyanda za kati kabla ya kujengwa kwa reli. Ulikuwa ujumbe mfupi wenye adabu. Binti yake, ambaye sikuwahi kumwona, aliandika kwamba mama amefariki, kwamba mazishi ni Jumamosi nyumbani kwao Nzuguni, na kwamba familia inaniomba nifike, si kama mgeni bali kama mtani. Niliusoma mara tatu. Mara ya kwanza niliusoma kama mtu yeyote anavyosoma habari ya msiba. Mara ya pili niliusoma kama mtafiti, nikilipima lile neno la mwisho na wajibu lililoubeba, kwa kuwa mtani anayeitwa msibani haitwi kulia. Mara ya tatu niliusoma kama msichana wa miaka ishirini aliyeketi kwenye benchi la bwalo la kambi, bakuli la uji likiwa mbele yake, akicheka pale ambapo angepaswa kunyamaza.

Nimeandika kurasa nyingi juu ya utani wa Wanyamwezi na Wagogo, na sitazirudia hapa. Inatosha kusema kwamba babu zetu wa Tabora walipita katika nchi ya Wagogo wakiwa na mizigo vichwani na kiu kooni, wakatozwa hongo, yaani ushuru wa njia, kwenye kila kisima, na kwamba kutokana na ugomvi huo wa zamani yakazaliwa maneno ambayo hadi leo hayana kesi. Mgogo aniite mpagazi, nami nimwite ombaomba, na watu watacheka. Kanuni ya kwanza ya utani inajulikana na kila mtu: mtani hakasiriki. Ya pili husahauliwa hata na wasomi: mtani hakanushi. Ukisingiziwa na mtani wako hujitetei. Unaupokea uzushi wake, unautia chumvi na pilipili, kisha unamrudishia mbele ya watu wale wale. Anayejitetea ameshindwa, na tena amemwaibisha mwenzake, kwani ni kama kusema kwamba udugu wetu haukubeba hata mzaha. Mimi nililelewa ndani ya kanuni hiyo kabla ya kuisoma popote, na ndiyo iliyoniponza.

Mwaka ninaousimulia ni ule tuliokuwa kambini, vijana tuliomaliza kidato cha sita na kuitwa kwa mujibu wa sheria kulitumikia taifa. Kambi ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa lori kutoka mjini Dodoma, katika nchi tambarare yenye udongo mwekundu na upepo usiochoka. Tulilala katika bweni refu la mabati tuliloliita hanga, vitanda vya chuma vikiwa vimepangwa kwa safu mbili, na kwa kuwa karani alitupanga kadiri tulivyoshuka kwenye lori, kitanda changu kilikuwa ubavuni mwa kile cha Loisi, msichana wa Haneti. Siku ya kwanza alinitazama nikifungua sanduku, akauliza nimetoka wapi, nikamwambia. Akainuka, akalibeba sanduku langu kichwani, akazunguka hanga zima akiyumba na kuguna, akitangaza, “Jamani, tangu leo nchi imegeuka. Mgogo ndiye anabeba, Mnyamwezi ndiye anafuata nyuma. Mama, maji ni ya kulipia.” Wasichana thelathini walicheka, nami nikamjibu kwamba abebe vizuri, kwani wenzake waliotangulia walinivunjia pembe za ndovu. Kuanzia hapo tukawa marafiki kwa namna ile ambayo hutokea mara moja tu maishani, kabla mtu hajajifunza kuchagua.

Alinifundisha kula mlenda. Jumapili, tuliporuhusiwa kupika nyuma ya hanga, aliuchemsha pamoja na karanga zilizotwangwa, akanionyesha jinsi ya kukata tonge la ugali wa uwele na kulizungusha ili mlenda usinichore kidevuni, na kila nilipokosea alisema kwa sauti ya upole kabisa, “Pole, mtani. Watu waliozoea kula wakitembea hawawezi kula wamekaa.” Ulikuwa mwaka ambao nchi ilikuwa ikijifunza upya kununua na kuuza. Waliopata ruhusa ya kwenda sokoni Majengo walirudi na habari za sabuni zenye harufu ya maua na za vitenge vilivyotundikwa nje, palepale ambapo mwaka uliotangulia muuzaji alikuwa akiketi mbele ya rafu tupu. Afande aliyetufundisha siasa alitwambia asubuhi kuwa tujihadhari na tamaa ya vitu, alasiri tulimsikia nyuma ya jiko akimuuliza mpishi kama anamjua mtu wa kumpatia redio ya kaseti, “ila isiwe nyekundu.” Loisi aliihifadhi kauli hiyo kwa miezi. Kila afande aliponyanyua kidole darasani, alininong’oneza, “Isiwe nyekundu.”

Ndipo ikaja habari ya ndege. Chama cha marubani wa kujifurahisha, watu wa mataifa mbalimbali waliokuwa wakiruka kutoka nchi hadi nchi na ndege za zamani, kiliomba kutua Dodoma na kufanya maonyesho ya siku moja. Miaka michache kabla, barua kama ile isingejibiwa. Sasa ilijibiwa kwa furaha, na kambi ikaombwa itoe makuruta kumi na wawili wa kujitolea, wa kusimamia kamba na watu. Mimi na Loisi tulinyoosha mikono kwa pamoja, na nakiri kwamba sababu yetu ya kwanza ilikuwa chakula: tulikuwa tumesikia kwamba watakaojitolea watakula wali.

Kwa wiki mbili lori lilitupeleka kila asubuhi kwenye kiwanja cha ndege, tukafundishwa na Bwana Kiondo, mwongoza ndege, mtu mwembamba wa Usambaa aliyepiga pasi hata leso yake. Darasa letu lilikuwa chumba kidogo chini ya mnara. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyoishi: meza moja, ramani iliyofifia kwa jua, feni iliyosukuma vumbi kutoka kona hii hadi ile, na birika la chai ya tangawizi ambalo yeye mwenyewe alilifunika kwa kitambaa. Alitufundisha kusoma mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaojaa nguzoni kuonyesha upepo unakotoka, kutambua bendera nyekundu na nyeupe, na kuangalia kabla ya kuamini. Siku moja alituruhusu wawili wawili kupanda juu ya mnara kumsikiliza akizungumza na rubani. Nilishangaa. Kila neno lilikuwa na kazi moja tu. Rubani alipoambiwa jambo alilirudia kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na asipolirudia, aliambiwa tena. Nilikuwa nimekulia katika nyumba ya maneno mengi, na sikujua kwamba kuna mahali duniani ambapo watu hukubaliana kusema tu kile kilichopo. Niliposhuka ngazi zile nilikuwa nimekwisha amua maisha yangu.

Nafasi ilikuwepo. Bwana Kiondo alitwambia waziwazi kwamba chuo cha waongoza ndege kitachukua msichana mmoja kutoka kanda yetu, na kwamba yeye ndiye atakayeulizwa jina. “Mmoja tu,” alisema. “Cheti sikitazami, natazama macho.” Siku tatu kabla ya maonyesho, nikiwa nafagia ngazi, nilimsikia juu akizungumza na luteni wetu, ofisa kijana aliyekuwa mkuu wa kikosi chetu cha kujitolea. Luteni alimuuliza kama amekwisha pata mtu. “Yule Mnyamwezi,” akajibu Bwana Kiondo. “Hana haraka, na akikosea anasema mwenyewe.” Nilishika ufagio kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mlingoti. Mchana, tukila wali wetu chini ya kivuli cha tangi la maji, nilimwambia Loisi kila kitu. Alitafuna polepole, akaondoa punje ya mchele mdomoni, kisha akasema, “Basi nitakubebea sanduku mpaka stesheni. Nimekwisha zoea.” Tukacheka. Nimejiuliza mara nyingi kama palikuwa na kitu katika ule utafunaji, na jibu la kweli ni kwamba sikuona kitu, kwa sababu sikuwa nikitazama.

Siku ya maonyesho mji mzima ulikuja. Walikuja wenye maduka wa Majengo na kanzu zao za Ijumaa, wanafunzi kwa mistari, wazee waliotembea tangu alfajiri, na wauza zabibu waliobeba makarai mabegani. Kulingana na orodha iliyobandikwa mlangoni mwa mnara, mimi nilipangwa lango la mashariki, mahali ambapo njia ya ng’ombe, ya zamani kuliko kiwanja chenyewe, ilikatiza barabara ya kurukia ndege. Palifungwa kamba iliyoning’inizwa vitambaa vyekundu. Loisi alipangwa kwenye hema la wageni. Saa sita, ndege zilipotulia kwa mapumziko, alinijia mbio. Mjomba wake Mazoya alikuwa akileta ng’ombe mnadani kutoka Haneti, na lazima angefika langoni muda ule.

“Tubadilishane kidogo,” akasema. “Nimsalimie tu. Tangu nije huku sijaona uso wa nyumbani.”

“Na Bwana Kiondo?”

“Mtani, ni salamu, siyo harusi.”

Nilikwenda hemani. Hilo ndilo kosa langu, nami sijawahi kumtwisha mtu mwingine: niliacha nafasi yangu bila kumwambia aliyenipa.

Kutoka hemani niliona hivi. Ndege moja ndogo, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, ilikuwa imempeleka mpiga picha kwenye vilima, nayo ikarudi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Ilipokaribia kushuka, vumbi likainuka upande wa mashariki, na ndani ya vumbi palikuwa na migongo ya ng’ombe. Ndege ikainua pua, ikalala ubavu, bawa la chini likagonga nguzo ya mfuko wa upepo, kisha ikaanguka pembeni mwa barabara na kuzunguka mara moja, taratibu, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu watu wakapiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Muuza zabibu aliyekuwa mbele yangu akamgeukia mwenzake akamwambia, “Huyo sasa ndiye anajua,” na mwenzake akakubali kwamba wale wa asubuhi walikuwa wanacheza tu. Rubani alitoka, akainua mkono, akapigiwa makofi tena, akaketi chini. Nami, ambaye nilifundishwa wiki mbili kuangalia kabla ya kuamini, niliamini kama walivyoamini wao. Nilidhani ni sehemu ya maonyesho.

Ndani ya lori Loisi aliketi akitazama tulikotoka. Nilimuuliza juu ya ng’ombe, akasema ni vumbi tu. Nilimuuliza juu ya mjomba, akasema, “Amekwenda.” Nilidhani amehuzunishwa na kuagana.

Alfajiri iliyofuata kitanda chake kilikuwa kimetandikwa kabla sijaamka. Alirudi tulipokuwa tumekwisha pewa uji, uso umeoshwa, na badala ya kuketi kando yangu kama siku zote, aliketi ng’ambo ya meza, tukatazamana. Niliona jambo hilo, lakini sikulipa maana. Muda mfupi baadaye akaingia luteni, na nyuma yake karani mwenye daftari gumu. Luteni hakuwa na uso wa hasira. Alivuta benchi, akakaa nasi, akaomba uji, akausifu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mazungumzo, ni nani kati yetu aliyewapitisha ng’ombe wale.

Loisi ndiye aliyejibu. “Afande, kwani hapa kuna Wanyamwezi wangapi?” Bwalo likaanza kucheka. “Hawa tangu enzi za babu zao, wakiona ng’ombe wa Mgogo wanatua mzigo. Muulize huyo mpagazi hapo. Muulize mikono yake ilikuwa wapi.”

Nyuso zote zilinigeukia, zenye furaha, zikisubiri. Ninapoyaandika haya naisikia tena ile hamu ya watu wanaongoja jibu zuri, nami sikuwa mtu wa kukosa jibu. “Ni kweli, afande,” nikasema. “Ni mimi. Kamba niliifungua kwa mkono huu huu. Niliwahurumia wale ng’ombe. Wamechoka kuchungwa na watu wanaowaomba nauli.” Meza zilipigwa ngumi. Mpishi alitoka jikoni kuuliza nini kimesemwa. Luteni naye alitabasamu. Alitoka Bukoba, na utani wetu haukumhusu.

“Unasema hivyo kwa hiari yako?”

“Kwa hiari, afande. Na ukiniuliza kesho nitajibu hivyo hivyo.”

Karani aliniletea daftari. Niliweka saini bila kusoma, na chini ya saini, ili kumaliza vizuri, nikaandika kwa herufi za mapambo: binti wa wapagazi. Nilipoinua kichwa, kila mtu alikuwa bado anacheka isipokuwa Loisi. Alikuwa ameinamia bakuli lake, akikwangua uji ambao ulikuwa umekwisha.

Rubani alivunjika mfupa wa bega. Nililijua hilo saa nne asubuhi, niliposomewa adhabu yangu: siku kumi na nne za kuchimba mtaro wa jiko, na barua katika jalada langu isemayo kwamba sifai kwa kazi yoyote ya uangalizi. Nilieleza. Luteni alisikiliza kwa uvumilivu, akafungua daftari, akanionyesha orodha yenye jina langu kwenye lango la mashariki, kisha saini yangu, kisha yale mapambo. “Mlibadilishana kwa ruhusa ya nani?” akauliza. Nilikwenda kuchukua jembe. Bwana Kiondo alikuja kambini siku iliyofuata, akiwa na leso yake iliyopigwa pasi, akanikuta ndani ya mtaro. Nilimwamkia shikamoo kutoka shimoni, akaitikia, akachuchumaa ukingoni.

“Ni kweli?”

“Si kweli, mzee. Ulikuwa utani.”

“Nakuamini,” akasema. “Lakini juu ya mnara, mwanangu, mtu akisema ndege imeshuka, imeshuka. Siwezi kumpeleka kule mtu ambaye ndiyo yake inahitaji maelezo.” Hakuna aliyewahi kunikosoa kwa haki zaidi ya hiyo, wala aliyeniumiza zaidi.

Loisi nilimkuta nyuma ya hanga akichambua mlenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa mfuatano, tangu salamu ya mjomba hadi uji. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na kazi.

“Wangemchukulia mjomba ng’ombe wote,” akasema.

“Ungeniambia. Ungeniambia tu, Loisi.”

“Nikuambie ili iweje? Ungenitaja. Wewe ukikosea unasema mwenyewe. Na kosa la mwenzako utaliachaje?” Hayo yalikuwa karibu maneno ya Bwana Kiondo, niliyompelekea mimi mwenyewe pamoja na wali. Kisha akainua uso, akatabasamu tabasamu lile la siku ya sanduku. “Lakini mtani wangu, si ulicheka? Ulicheka kuliko wote. Sasa mtani anakasirika?”

Sikuwa na pa kusimama. Kama ningekasirika, ningekuwa nimeuvunja utani, na aibu ingekuwa yangu. Kama nisingekasirika, yote yaliyotendeka yalikuwa mzaha. Nilirudi mtaroni. Wiki sita baadaye lori lilimpeleka Loisi stesheni, kuanza safari ya chuoni. Bwana Kiondo aliulizwa jina la pili katika orodha yake, na jina la pili lilikuwa lake. Sikubeba sanduku.

Kwa miezi niliyobaki kambini nilijifariji kwa kudhani kwamba alisema maneno yale ghafla, kwa hofu, kama mtu anayeteleza na kumshika jirani. Hofu ningeweza kuisamehe. Siku ya kuondoka, karani yule wa daftari alinirudishia vyeti vyangu, na kwa huruma iliyochelewa akaniambia alichokiona. Loisi aliitwa ofisini alfajiri ile kwa kuwa askari mmoja alidai kumwona karibu na lango. Aliambiwa habari ya bega la rubani. Aliambiwa kwamba aliyefungua kamba asahau kazi ya ndege. Akaulizwa nani. “Hakukutaja,” alisema karani. “Alisema: muulizeni mwenyewe mezani, mbele za watu, na mimi niwepo. Mimi nilishangaa. Nilidhani anakuheshimu.”

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Maisha yangu hayakuharibika, na sitaki msomaji adhani ninaomboleza. Nilikwenda chuo kikuu, nikajifunza kusoma nyaraka za watu waliokufa, nikapata riziki na heshima. Lakini katika kila hati niliyoisoma, kila ushahidi wa mpagazi aliyekubali wizi mbele ya hakimu, nimeuliza swali ambalo wenzangu waliliona la ajabu: nani alikuwa ameketi mkabala naye alipokuwa akikiri? Loisi alifanya kazi mnarani mpaka akastaafu, na kwa habari zote alikuwa mwongoza ndege mwangalifu kupindukia. Kila mwaka mpya alinitumia salamu, akianza na neno mpagazi. Nilimjibu kila mara, nikianza na neno ombaomba. Hatukuonana tena.

Jumamosi nilishuka kwenye bajaji Nzuguni nikiwa nimejiandaa. Mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana: anaweza kuzuia jeneza, kumsema marehemu, kufichua uchoyo wake na ukoromaji wake, na hakuna wa kumnyamazisha mpaka atulizwe kwa zawadi. Nilikuwa nimeamua kuitumia ruhusa hiyo mara moja na kusema kweli. Jeneza lilipofika kaburini nilijitokeza, nikatandaza khanga yangu juu ya udongo, nikaketi ukingoni. Watu wakaanza kutabasamu. “Huyu hazikwi,” nikasema. “Ana kesi. Hazikwi mpaka aseme nani aliyefungua kamba ya kiwanja cha ndege, na nani aliyewaambia maafande waniulize mezani.” Niliyasema kwa mfuatano, kwa majina, bila chumvi wala pilipili, kama rubani anavyorudia agizo. Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti alifuta machozi akasema Wanyamwezi hawa hawajaisha. Nikafungwa kitenge kipya mabegani, nikainuliwa kwa heshima, na Loisi akazikwa.

Baada ya mazishi binti yake alininawisha mikono mwenyewe, akaniwekea ugali wa uwele na mlenda wa karanga, akaketi karibu yangu kwenye mkeka. Ana paji la uso la mama yake. Hakuwa akitania, macho yake yalikuwa mekundu.

“Mama alitusimulia ile habari ya kamba,” akasema. “Kila mwaka mpya, akishakutumia salamu. Alisema ulijitolea. Kwamba babu Mazoya angefilisika, na yeye angefukuzwa, ukasimama mbele ya bwalo zima ukasema ni mimi. Alisema hajaona tena mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana tulitaka uje, shangazi. Tulitaka kukushukuru.”

Niliweka tonge chini. Nilimtazama mtoto yule wa watu, nikaona kwamba mama yake hakunichukulia nafasi ya mnara peke yake. Alikuwa amejichukulia na msamaha, bila kuniomba, akauweka nyumbani kwake, akaulea, akawalisha watoto wake kwa msamaha huo. Nikasema polepole, kwa kila neno na kazi yake, “Mwanangu, sikiliza vizuri. Sikujitolea. Mama yako alifungua ile kamba, na alipanga niulizwe mbele za watu kwa sababu alijua sitakana.”

Uso wa binti ukafunguka, kwa mara ya kwanza siku ile, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Alisema utakataa,” akasema. “Alisema, mtani wangu yule ukimshukuru atanisingizia mimi.” Akawa anacheka na kulia kwa pamoja, akawaita ndugu zake waje wasikie.

Walikuja, wakajipanga mbele yangu, nyuso zao zikisubiri. Nilizungusha tonge kama nilivyofundishwa, mlenda usinichore kidevuni, nikala. Halafu nikacheka nao, nikaomba maji ya kunawa.